Wenye Kukamua Hawakuulizwa

Rafiki yangu, wewe uliyechukua kiti changu kwa ile ofisi ya Kajiado, nakuandikia kama mtu wa nyumbani, hata kama tumeonana siku moja tu, ile ya keki. Walinipa keki, blanketi na saa ya ukutani, wakapiga picha, wakasema, "Mama Mwende, sasa nenda ukapumzike." Sijafika hata hamsini. Mradi wetu wa zamani umefungwa, wafadhili wameenda kwingine, ofisi imeingia mradi wenu mpya, basi nimestaafu. Hayo tuyaache. Ya cheo na mshahara pia tuyaache, hayakuwa mengi.

Ile siku, ukiwa na sahani ya keki mkononi, uliniuliza kitu. Ulisema, "Mama, ni kweli wale watu wa Mashuuru walikufa juu ya kula mizoga?" Uliuliza kwa heshima, hukuwa na ubaya. Mimi nikakuangalia tu, maana ningefungua mdomo hapo, keki ingekwisha vibaya. Hili ndilo jibu lako.

Litakuja na hasira, nakuambia mapema. Hii hasira nimeiombea. Nimefunga, wamama wa ushirika Kitengela wameniwekea mikono, nikamwambia Mungu aniondolee. Ameniondolea mengine mengi. Hii ameniachia, kwa hivyo nimeona labda iko na kazi.

Nilikuja Kitengela nikiwa bibi ya mtu wa kazi ya simiti huko Athi River. Wakati huo mji ulikuwa barabara na maduka ya kuhesabu, na ukitembea kidogo uko katikati ya pundamilia. Nilikuwa nauza sukuma wiki na nyanya, nikikaa kando ya wamama wa Kimaasai walioleta maziwa asubuhi. Maa, lugha yao, nilijifunza hapo, kwa kugombania mahali pa kukaa. Lugha ya kugombana inaingia haraka kuliko ya shule. Shule nilikuwa nimeachia darasa la sita kwetu Ukambani, basi jioni nikawa naenda ngumbaru, masomo ya watu wazima, pale kanisani, mtoto mgongoni, chaki mkononi, mpaka nikapata cheti. Hicho cheti na hiyo Maa ya sokoni ndivyo viliniingiza kwa mradi wa utafiti wa magonjwa. Walitaka mtu wa kutafsiri na "kuhusisha jamii." Hayo maneno mawili yashike, tutayarudia.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Sista Halima, nesi wa zahanati ya upande wa Mashuuru, akaniangalia kutoka chini mpaka juu.

"Wewe unaenda harusi ya nani?"

"Nimekuja kazi, Sista."

"Kazi iko kwa matope. Shika hizi." Akanitupia gamboti za mtu mwenye mguu kama wa ndovu. Nilitembea nazo hiyo siku yote nikisikia mguu wangu unaogelea ndani.

Halima ndiye alinifundisha kazi. Kwao ni upande wa Garissa, lakini baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe hapo Kajiado, kwa hivyo alikuwa anajua mifugo na watu pamoja. Aliniambia usiulize mgonjwa swali ukiwa umesimama, kaa chini kwanza, hata kama ni kwa mavi ya mbuzi. Ukipewa chai, kunywa, na usichungulie ndani ya kikombe. Lile sanduku la barafu la kubebea damu, lifungue mbele ya watu kabla hujamtoa mtu damu, waone ni chupa ndogo na barafu tu, wasije wakajitungia ya kwao. Na ukivua glavu, nawa mikono, ukichoka nawa, ukiwa na haraka nawa mara mbili. "Walahi, Mama Mwende," alikuwa akisema, "hii kazi ni masikio. Sindano hata mimi nitakufundisha kesho."

Halafu ikaja mvua ya El Nino. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka tu shule kufungwa. Huku kwetu nchi yote iligeuka ziwa. Mbu walikuwa wengi mpaka ng'ombe walikuwa wanakataa kulala. Mbuzi wakaanza kutupa mimba, kondoo pia, kisha ndama wadogo wakawa wanakufa, leo huyu, kesho yule. Baadaye watu. Homa, kichwa, macho mekundu, na wengine damu ikitoka puani na kwa ufizi. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, ile inatoka kwa mifugo ikaingia kwa binadamu.

Timu ikaja kutoka Nairobi na magari. Mkubwa wao alikuwa daktari mmoja mwenye kofia pana ya jua. Jina lake sitaandika. Wamama walimwita Kofia, na mimi nitamwita hivyo. Baraza ikaitwa na chifu karibu na josho la ng'ombe. Nikuambie vile ilikaliwa: wageni kwa viti, wazee mbele kwa viti vya kukunja, vijana wa kiume nyuma yao, na wamama mbali kabisa, chini, upande ule upepo unapeleka maneno mbali na wewe. Mimi nilisimama karibu na Kofia nikitafsiri kwa sauti ya kuuza nyanya, na bado najua nusu haikuwafikia.

Maneno yake yalikuwa mazuri, sikatai. Msile nyama ya mnyama aliyekufa. Msichinje mgonjwa. Msinywe damu. Maziwa yachemsheni. Wazee wakakubali kwa kichwa. Akauliza kama kuna swali, lakini alikuwa ameshaanza kukunja karatasi zake.

Huko nyuma akasimama mama mmoja. Tulikuwa tunamwita Ng'oto Lemayian, yaani mama yake Lemayian. Jina lake lenyewe sitaliandika, kwa sababu watu wake hawataji jina la mtu wao akishaenda, na mimi si mgeni wao. Alikuwa mrefu, mdomo wake haukuwa na breki, na ni yeye aliyenifukuza mara ya kwanza kule sokoni, tukawa marafiki baadaye. Akasema kwa nguvu, "Nyama tumesikia. Na ngozi?"

Nikaanza kumtafsiria Kofia. Mzee mmoja wa mbele akageuka. "Huyu hata Enkai, Mungu mwenyewe, akimletea mvua atauliza mbona imelowa." Wanaume wakacheka.

"Na wewe kesho ukikosa maziwa, uulize hiyo mvua," akamjibu. Wamama nao wakacheka, kwa mkono mdomoni. Halafu akaendelea: "Ndama akifa, mama yake anakataa kuachilia maziwa. Mnajua tunavyofanya. Sasa hiyo ngozi tufanye nini nayo?"

Wewe hujui wanavyofanya, hata Kofia hakujua, kwa hivyo nikueleze. Ndama mchanga akifa, ng'ombe anazuia maziwa, anamtafuta mtoto wake. Basi yule mama mwenye kukamua anachuna yule ndama, anachukua ile ngozi, anaipaka chumvi kidogo, anamwekea ng'ombe mbele. Ng'ombe anainusa, anailamba, anadhani mtoto yuko, na maziwa yanashuka. Hiyo ni kazi ya wamama. Mwanaume haingii hapo. Kwa nyumba ya watoto ambao chakula chao ni maziwa, hiyo ngozi ndiyo sufuria. Sasa fikiria mwaka ambao ndama wanakufa kila boma, na wanakufa kwa ugonjwa unaoingia kwa damu yao. Nani anashika hiyo damu, kwa kisu, kwa mikono mitupu, kila asubuhi?

Sikumaliza kutafsiri. Chifu aliinua fimbo. "Hayo ni mambo ya wamama. Wataelezwa na wanaume wao nyumbani. Daktari ana safari." Soda zikafunguliwa. Wazee wakaweka vidole gumba kwa karatasi ya kukubali, na Kofia akawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, akiwa amefurahi kweli.

Kwa gari nilimwambia. Nilimweleza ya ngozi yote, kama nilivyokueleza. Akasema, "Mama, tumeshawaambia wasile mizoga. Hiyo inatosha. Na jamii imekubali, si umeona?"

"Daktari, waliokubali si wale wanakamua."

Dereva akawasha redio.

Haikukaa sana, Ng'oto Lemayian akaletwa zahanati kwa punda, mwanawe Lemayian akimshikilia asianguke. Nilikuwa hapo na Halima. Macho yake yalikuwa yameiva kama nyanya, na kitambaa alichoshika mdomoni kilikuwa na damu. Halima akakaa chini kando yake, vile alinifundisha, akamshika vidole. Kwa kidole gumba kulikuwa na mkato wa kisu uliokuwa haujapona.

"Ulichuna?" Halima akamuuliza, nami nikatafsiri pole pole.

"Nilichuna. Nani mwingine angenichunia? Watoto wangekunywa nini, maneno ya daktari?" Hata hapo alikuwa mkali. Halafu akanigeukia mimi, akaniita vile wao huniita. "Ng'oto Mwende. Nyama sikula. Hata kipande. Hata kuonja. Mwambie yule wa kofia nilisikia. Usiache waseme sikusikia."

Nikamwambia sitaacha. Nikaomba naye, kwa Kikamba, kwa maana Maa yangu ilikuwa imenikimbia. Alikufa kesho yake kabla gari la kwenda hospitali ya Kajiado halijapatikana. Magari ya timu yalikuwa mengi hapo nje, lakini hayo yalikuwa ya sampuli.

Mimi sisemi ni ngozi iliyomuua. Halima mwenyewe aliniambia, "Hatuwezi kujua. Labda ni mbu, labda ni kisu." Sawa. Lakini alikuwa ameuliza. Alisimama mbele ya watu wote akauliza mahali penyewe hatari ilipokuwa, na akachekwa, na akaambiwa atajibiwa na mwanaume ambaye hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe.

Mvua ilipokwisha wakafanya mkutano wa kutoa matokeo, hoteli moja hapo Kajiado mjini, chai na sambusa. Kutoka vijijini waliita chifu na wazee wawili. Kofia akasimama na kuonyesha picha ukutani. Akasema jamii ilihusishwa kikamilifu. Akasema vifo viliendelea upande wa Mashuuru kwa sababu watu, kwa ajili ya mila, waliendelea kula mizoga.

Nilisimama. Sikuwa nimepangiwa kusimama. "Daktari, kuna mama hapo kwa hesabu yako. Hakula. Mimi nilikuwa naye."

"Mama Mwende, asante sana, tutaongea kando."

"Tuongee hapa. Aliwauliza kuhusu ngozi na hamkumjibu."

Mtu mmoja wa kutoka Nairobi akamnong'oneza mwenzake, ati huyo si ni mkalimani tu? Nilisikia. Masikio ndiyo kazi yangu. Wakaleta chai, na hayo ya kando mpaka leo hatujayaongea.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu nimeacha kazi. Halima akaja mpaka Kitengela, akanikuta nachambua mboga kwa hasira mpaka majani yameisha, shina zimebaki. Akasema, "Ukiondoka, wataajiri msichana mzuri anayetafsiri yale tu ametumwa. Halafu ule mdomo wa yule mama nani ataubeba?" Nikarudi Jumatatu.

Miaka ya katikati nitapita haraka. Nilifanya kipindupindu kwa ploti za Kitengela, ambapo tulikusanya wenye nyumba kuwaeleza kuhusu maji, na wenye nyumba hawaishi hapo wala hawanywi hayo maji. Niliwaambia twende kwa wenye mikokoteni, wale wanaojua kila jerikeni imechotwa wapi. Hiyo ilichukua wiki kukubaliwa, na hao vijana wa mikokoteni wakatuonyesha bomba lililopasuka siku hiyo hiyo. Kware, Rongai, ilikuwa vile vile. Loitokitok tulienda kuhara ya watoto, tukaita wenye mashamba ya vitunguu, tukaacha vibarua wanaokunywa kutoka mfereji. Kila mahali baraza, soda, vidole gumba. Na kila mahali mtu mmoja huko nyuma, mkono juu, haonekani. Nikawa najua kumtafuta kabla ya kitu kingine.

Halafu mvua ile kubwa ikarudi, mwishoni mwa mwaka wa elfu mbili na sita, na ile homa ikarudi nayo. Halima alikuwa ameshaenda kwao. Magari yakaja. Na nani akashuka? Kofia. Nywele nyeupe kidogo, kofia mpya. Baraza imeitwa saa nne, josho lile lile.

Nikamwambia, "Daktari, hiyo ya saa nne ifanyike. Lakini mimi natafsiri ile ya saa kumi na mbili asubuhi."

"Ya saa kumi na mbili ni gani?"

"Ya zizini. Kwa boma la Lemayian."

"Na nikisema siendi?"

"Chifu atakutafsiria. 'Msile nyama' anaisema vizuri sana."

Dereva akageuza uso acheke. Kofia akaniangalia sana. Sijui alikumbuka nini. Akasema, "Sawa, Mama."

Tulifika wamama wakianza kukamua. Matope mpaka kwa goti. Wanaume walikuwa wamesimama kwa lango la zizi kama wageni, na Lemayian akanisalimia, "Takwenya," nikajibu, "Iko." Bibi yake, Naserian, alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Ng'ombe za mama mkwe wake yeye ndiye aliachiwa. Ndama alikuwa amekufa usiku, amelala hapo, na Naserian alikuwa na kisu mkononi ameshainama.

Kofia akapiga kelele, "Mwambie asiguse!"

Nikamwambia. Naserian akasimama na kisu chake. Hakuwa na mdomo kama wa mama mkwe wake, ni mtu wa sauti ndogo. Akasema, "Kuna mtu wa nyumba hii aliwauliza pale josho. Hamkumjibu. Mimi ndiye nimebaki na ng'ombe zake. Nisipochuna, maziwa yatatoka aje? Nauliza tena."

Nikatafsiri kila neno, na hakuna fimbo iliyoinuliwa.

Kofia akavua kofia. Akasema, "Sijui."

Nimefanya naye kazi mvua zote mbili, na hilo ndilo neno la kwanza la maana nilisikia kwake. Kwa sababu akishasema hajui, wamama wakaanza kuongea wote pamoja. Kokoo mmoja, nyanya mzee wa boma jirani, akasema kwake iko ngozi ya kiangazi, kavu kama bati, ya ndama aliyekufa kwa njaa zamani kabla ya mvua. Kofia akasema hiyo haina hatari. Mwingine akasema ng'ombe si mjinga, atajua harufu si ya mtoto wake. Kokoo akasema wacha tujaribu, chumvi iko. Wakajaribu. Ng'ombe wa kwanza akanusa, akafikiria, akalamba. Wa pili pia. Wa tatu akapiga teke, kibuyu kikaruka, maziwa yote kwa viatu vya Kofia, na wamama wakacheka mpaka Naserian akashika tumbo.

Tukakubaliana hapo hapo, kwa matope: hakuna kuchuna mpaka mvua iishe. Ngozi kavu za zamani zizunguke boma kwa boma. Ng'ombe akikataa kabisa, watoto wa hiyo nyumba wasaidiwe na jirani. Ndama wafukiwe na wanaume, kwa glavu za mradi. Lemayian akauliza kwani ni lazima wanaume. Naserian akamwambia, "Nyinyi wanaume si ndio mlikubali kwa ile baraza ya kwanza? Chimba." Saa nne, pale josho, wamama walikaa mbele na Kokoo ndiye alieleza. Mimi sikuwa na la kutafsiri ila kumtafsiria Kofia.

Naserian hakuugua. Alijifungua msichana baada ya mvua, nimembeba kwa haya mikono. Namshukuru Mungu, na sisemi ni ngozi kavu peke yake iliyofanya.

Basi mbona bado nina hasira, si ilikwisha vizuri? Nitakuambia. Hilo swali lilijibiwa asubuhi moja, kwa chumvi na ngozi kuukuu. Lingejibiwa ile siku ya kwanza liliulizwa. Na ripoti ya pili, iliyoandikwa baada ya mvua hiyo, inasema mradi uligundua mbinu mpya. Ile ya kwanza, ya Kofia na mizoga yake, hakuna mtu ameirekebisha. Bado iko ofisini kwenu, bado mnafundishwa nayo, na ndiyo maana wewe, mtoto mzuri tu, ulisimama na sahani ya keki ukaniuliza kama walikufa juu ya kula mizoga.

Sasa una jibu. Kesho ukitumwa mahali, kabla hujafungua lile sanduku la barafu, uliza ni nani anashika kile kitu kwa mikono, umfuate huko aliko, saa yake, si yako. Na haya niliyoandika usiyaweke kwa droo. Mpe mwenzako wa Loitokitok, mpe yule mpya atakayekuja baada yako, na akisoma naye ampe mwingine. Ukimpa, hata kama hana muda wa kusoma, mwambie hili moja kwa mdomo wako: kulikuwa na mama hapo Mashuuru. Hakula nyama. Alisikia.